Konokono wa tangi la samaki: Uliza kwanza alikozaliwa

Siku hizi si ajabu kuingia sebuleni mwa nyumba mjini Thika au katika mitaa ya Ruiru na kukuta tangi la kioo lililojaa maji, samaki wadogo wa rangi wakizunguka ndani yake. Ukisogea karibu utaona pia konokono wadogo waliojibandika kwenye kioo, wakipanda na kushuka polepole. Watoto huwapenda sana. Wenye matangi nao huwathamini kwa sababu hula ukungu wa kijani unaoshika kioo pamoja na masalio ya chakula cha samaki.

Lakini konokono wa maji baridi ana sifa nyingine ambayo kila mtu aliyesoma shule humu nchini aliwahi kufundishwa. Ndiye anayebeba kichocho. Je, msomaji, ina maana kwamba umekaribisha ugonjwa huo nyumbani kwako na kuuweka karibu na televisheni?

Jibu ni kwamba inategemea konokono wako alikozaliwa. Aliyeanguliwa ndani ya tangi, kutokana na mayai yaliyotagwa humo humo, hana kichocho na hawezi kukuambukiza. Aliyeokotwa mtoni, bwawani au kwenye mfereji wa shamba la mpunga anaweza kuwa nacho, na huwezi kumtambua kwa kumtazama. Ukiielewa tofauti hii utaweza kufuga konokono wako bila wasiwasi. Usipoielewa, huenda ukawa unatumbukiza mkono hatarini kila Jumamosi unaposafisha tangi.

KICHOCHO HUINGIAJE KWA KONOKONO?

Kichocho, ambacho wengi hukiita bilhazia, husababishwa na minyoo wadogo wanaoishi ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Jina hilo la pili lilitokana na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyewagundua minyoo hao mwaka wa 1851 alipokuwa akifanya kazi Cairo, nchini Misri. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya watafiti kufahamu jinsi minyoo hao wanavyomfikia mtu. Mwaka wa 1913 wanasayansi wawili wa Japani, Miyairi na Suzuki, walionyesha kwamba lazima kwanza wapitie kwa konokono. Mwaka wa 1915 Robert Leiper alithibitisha jambo hilo nchini Misri.

Safari yenyewe ni hii. Mgonjwa anapokojoa au kwenda haja kubwa majini au karibu na maji, mayai ya minyoo hutoka naye. Mayai hayo yakiingia katika maji baridi huanguliwa, na kila moja hutoa kijidudu kinachoogelea kumtafuta konokono wa aina inayokifaa. Kina saa chache tu za kufanya hivyo. Kisipompata, hufa.

Kikimpata, humwingia na kuzaana ndani ya mwili wake. Baada ya wiki kadhaa, konokono huyo huanza kutoa majini vijidudu vya aina nyingine, vyenye mkia, na huweza kutoa maelfu ya vijidudu hivyo katika muda wa maisha yake. Hivi ndivyo vinavyomwingia mtu. Havihitaji kunywewa wala kupata kidonda, kwani hupenya ngozi nzima katika dakika chache mtu anapokuwa majini. Ni vidogo mno, hivyo maji yenye vijidudu hivi huonekana safi kabisa.

Zingatia mambo mawili katika maelezo haya. La kwanza ni kwamba konokono hazaliwi na kichocho. Mama aliyeambukizwa hapitishi maradhi hayo kwa mayai yake. Kila konokono huambukizwa peke yake, na ni lazima maji anamoishi yawe yamechafuliwa na mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa. La pili ni kwamba tangi la sebuleni halichafuliwi kwa njia hiyo. Kwa hivyo ugonjwa hauwezi kuanzia humo. Ukionekana humo, basi uliletwa kutoka nje.

KWA NINI WAKAAZI WA THIKA NA RUIRU WAHADHARI?

Miji hii miwili imezungukwa na maji. Mto Chania na Mto Thika hukutana papo hapo Thika, baada ya kuteremka kwenye maporomoko yanayowavutia wageni wengi. Ruiru nao una mto wa jina hilo hilo. Kati ya miji hiyo na kuizunguka kuna mabwawa yaliyochimbwa na wenye mashamba ya kahawa. Kijana anayetaka mimea ya kupamba tangi lake hana haja ya kwenda mbali. Hushuka bondeni na chupa ya plastiki, akang'oa majani ya majini, na konokono wakaja nayo bila yeye kujua.

Isitoshe, Thika ni njia panda. Ukishika barabara ya kwenda Makutano utafika Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, ambako kilimo cha mpunga cha kunyunyizia maji kilianzishwa katika miaka ya 1950. Mifereji ya mpunga hupendwa sana na konokono, na kichocho cha matumbo kimewasumbua wakulima wa huko kwa miongo mingi. Ukielekea upande mwingine, utafika Machakos, ambako watafiti wa kichocho wamefanya kazi yao kwa miaka mingi kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa umeenea vijijini. Kichocho kiko pia kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, Taveta na sehemu nyingi za Pwani, ambako kinachojulikana zaidi ni kile cha kibofu.

Watu wa Thika na Ruiru wana jamaa katika sehemu hizi zote. Wanaenda mazishini, arusini na likizoni, na watoto hawakosi kurudi na kitu. Konokono ni mzigo mwepesi. Huhimili safari ndani ya chupa au katika majani mabichi yaliyofungwa kwa karatasi ya nailoni. Hata bwawa likikauka, wengi wao hujificha topeni wakakaa wiki nyingi wakingoja mvua.

JE, UNAWEZA KUMTAMBUA MBAYA?

Konokono wa kichocho cha matumbo ana gamba bapa lililojiviringisha kama kamba iliyokunjwa mezani. Tatizo ni kwamba mmoja wa konokono wanaopendwa sana na wenye matangi ulimwenguni ana umbo hilo hilo. Wote ni wa jamii moja, na akiwa mdogo kama punje ya dengu, hata mfugaji wa siku nyingi huweza kukosea.

Konokono wa kichocho cha kibofu ana gamba lenye ncha, na ukimshika ncha ikiwa juu, mdomo wa gamba ukikutazama, utaona mdomo huo uko upande wa kushoto. Hapa pia kuna anayefanana naye. Ni yule konokono mdogo mwenye gamba jembamba linalong'aa, ambaye huzaana upesi sana katika matangi. Mdomo wake pia uko kushoto, lakini yeye habebi kichocho.

Kuna na yule wa tatu, mwenye gamba refu lililochongoka kama skrubu, ambaye mchana hujizika kwenye changarawe na kutoka usiku. Huyu habebi kichocho chetu, na kwa kuwa huchimbua changarawe, huisaidia isioze.

Hata ukijifunza kuwatofautisha, bado hujamaliza. Konokono wawili wa aina moja, waliotoka bwawa moja, mmoja huweza kuwa ameambukizwa na mwenzake akawa mzima. Gamba halibadiliki rangi. Ni mtaalamu mwenye darubini pekee anayeweza kueleza. Ndiyo maana swali la kujiuliza ni "Ametoka wapi?" na wala si "Anafananaje?"

UKITAKA KUFUGA KWA USALAMA

Mchukue konokono kutoka kwa mtu aliyewazalisha katika tangi lake mwenyewe. Mwulize muuzaji bila haya. Kama hawezi kukwambia walikotoka, au akikuambia waliokotwa mtoni, waache. Wafugaji wengi huwa na konokono wa ziada kuliko wanavyohitaji na watakupa bure.

Usidhani kwamba ukimtenga konokono wa mtoni kwa wiki moja au mbili atakuwa amepona. Aliyeambukizwa huweza kuendelea kutoa vijidudu kwa wiki nyingi, hata miezi, mpaka afe.

Mimea nayo inunue kwa mtu anayeikuza katika matangi. Ukipewa mimea usiyoijua asili yake, vaa glavu za mpira, ikague jani kwa jani, na uondoe kila konokono unayemwona. Usisahau upande wa chini wa majani. Vile vijidudu vyenye mkia haviishi zaidi ya siku mbili bila kumwingia mtu. Kwa hivyo ukiiweka mimea hiyo ndani ya ndoo ya maji safi kwa siku mbili, na uwe na hakika kwamba hamna konokono, hatari ya kichocho itakuwa imekwisha. Mayai yaliyobaki, yanayofanana na matone ya ute mweupe, hayana kichocho.

Na je, kama tayari unao konokono wa mtoni ndani ya tangi? Usibabaike. Vaa glavu ndefu, watoe wote kwa kijiko au wavu, uwaue kwa maji yanayochemka na kuwazika. Endelea kukagua kwa wiki mbili tatu, maana wengine hujificha. Watoto wasiguse maji hayo mpaka umalize.

WATUNZE WASIOZE WALA WASIFURIKE

Malalamiko makubwa ya wenye matangi ni kwamba konokono wamezidi. Wengi wa konokono hawa wana jinsia zote mbili, na mmoja peke yake huweza kutaga mayai yakaanguliwa. Lakini hawazaani bila chakula. Ukiona wamefurika, jua kwamba unawalisha samaki kupita kiasi na chakula kinabaki chini. Wape samaki kile wanachoweza kumaliza katika dakika mbili au tatu, na konokono watapungua wenyewe. Usikimbilie dawa ya kuwaua. Ukiwaua mia moja kwa siku moja wataoza pamoja, maji yatanuka na samaki wako watakufa.

Konokono wanaweza kupewa kipande cha sukuma wiki au spinachi iliyochemshwa kidogo, kisha masalio yaondolewe kesho yake. Gamba huhitaji chokaa. Likianza kuwa jeupe, kutoboka au kuchubuka, weka humo maganda ya mayai yaliyooshwa, yakachemshwa na kusagwa. Maji ya mfereji huwa na klorini, hivyo yaache yakae katika ndoo wazi kwa muda wa siku moja kabla ya kuyatia. Badilisha robo ya maji kila wiki wala usiyamwage yote kwa mara moja. Soma pia maelezo ya dawa yoyote ya samaki kabla ya kuitumia, kwa kuwa zenye shaba ndani yake huua konokono.

MIKONO, MDOMO NA VIDONDA

Hata kama tangi lako halina kichocho, maji yake si ya kuchezea. Kuna mazoea mawili yanayofaa kukomeshwa leo.

La kwanza ni kuvuta maji kwa mdomo. Wengi huweka mpira ndani ya tangi na kuunyonya ili maji yaanze kutiririka, kama madereva wanavyonyonya petroli. Mara nyingi funda moja huingia kinywani. Maji ya tangi hubeba vijidudu vya kuharisha, na kama kuna kichocho, ngozi laini ya kinywa hupenyeka kwa urahisi. Badala yake, ujaze mpira maji kwanza, uzibe ncha zote mbili kwa vidole, kisha utumbukize ncha moja ndani ya tangi na uachilie nyingine ndani ya ndoo iliyo chini.

La pili ni kuosha vifaa vya tangi kwenye sinki la jikoni, mahali panapooshwa nyanya na vyombo vya mtoto. Uwe na ndoo na beseni la kazi hiyo peke yake, na maji machafu uyamwage chooni.

Osha mikono kwa sabuni kila baada ya kugusa tangi. Ukiwa na mkato au mchubuko mkononi, vaa glavu. Kuna bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu wanaoishi katika maji ya samaki. Wakiingia kwenye mchubuko husababisha uvimbe au kidonda kisichopona kwa wiki nyingi. Ukipata kidonda cha namna hiyo, mweleze daktari kwamba unafuga samaki. Usipomwambia, huenda akakitibu kama jipu la kawaida na dawa zisifanye kazi. Watoto walio chini ya miaka mitano, wazee, na watu ambao kinga yao ya mwili imepungua waachiwe kazi ya kutazama tu.

Wanaofuga konokono peke yao bila samaki wana jambo jingine la kuangalia. Samaki hula viluwiluwi vya mbu, lakini konokono hawavigusi. Tangi lisilo na samaki wala kifuniko ni kama debe la maji lililoachwa nje. Lifunike kwa wavu mdogo.

USIWAMWAGE MTONI

Unapohama nyumba au kuchoka na tangi, usiwatupe konokono wako katika Chania, Mto Ruiru au mtaro wowote. Huenda ukadhani unawaonea huruma, kumbe unaanzisha balaa. Mwaka wa 1974 iliripotiwa kwamba konokono wa Amerika Kusini mwenye uwezo wa kubeba kichocho alikuwa amefika Hong Kong, na biashara ya samaki na mimea ya matangi ndiyo iliyoshukiwa kumpeleka huko.

Hapa kwetu, mwaka wa 2020 konokono mkubwa, pia wa Amerika Kusini, aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Hutaga mayai ya waridi juu ya maji, kwenye mashina na kuta za mifereji, na hula miche ya mpunga ikiwa bado michanga. Konokono wa jamii yake hufugwa kwenye matangi katika nchi nyingi. Ukiona mayai ya rangi hiyo, iwe ni mtoni au kwa muuzaji, usiyabebe kuja nayo nyumbani. Wafahamishe maafisa wa kilimo.

Konokono usiowataka wape mfugaji mwenzako, au uwaue kwa maji yanayochemka na kuwafukia ardhini.

UKISHUKU UMEAMBUKIZWA

Huenda umekuwa ukitia mikono katika tangi lenye konokono wa mtoni, au uliogelea bwawani likizo iliyopita. Dalili ya kwanza huweza kuwa mwasho na vipele mahali maji yalipogusa, lakini wengi hawaoni chochote. Baada ya wiki 3 hadi 8, wengine hupata homa, kikohozi na uchovu, wakadhani ni malaria. Miezi inapopita, kichocho cha kibofu huonekana kwa damu katika mkojo. Kile cha matumbo huleta maumivu ya tumbo, kuhara na damu katika choo. Kikiachwa kwa miaka, huharibu ini, na cha kibofu huharibu figo na viungo vya uzazi.

Nenda hospitalini upimwe choo na mkojo. Kwa kichocho cha kibofu, mkojo unaofaa zaidi kupimwa ni ule unaotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndio huwa na mayai mengi. Mweleze mhudumu ni lini uligusa maji hayo, kwa sababu vipimo vya mapema mno huweza kukosa kuonyesha chochote.

Dawa ipo, nayo ni prazikuanteli. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Huwaua minyoo waliokomaa lakini haiwamalizi wachanga. Ndiyo maana haifai kujinunulia na kuimeza siku moja baada ya kugusa maji. Mhudumu ndiye atakayekuambia wakati wa kuimeza, na kama itabidi kurudia. Kupona leo nako hakukukingi kesho. Ukirudi katika maji yale yale, utaambukizwa tena.

Basi, msomaji, huna haja ya kulivunja tangi wala kuwanyang'anya watoto burudani yao. Leo jioni mwulize kila mtu nyumbani, hasa wale wadogo waliotoka likizo, kama kuna konokono au jani lililoletwa kutoka mtoni. Jibu likiwa ndiyo, tafuta glavu na uchemshe maji kabla ya Jumamosi ya kusafisha tangi kufika.